Kobe wa Majini wa Karema: Ulinzi Usiosubiri Orodha Nyekundu

Karema, mji mdogo wa Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hujulikana zaidi kwa mambo matatu: ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na nahodha Mbelgiji Ernest Cambier, misheni ya Mapadri Weupe waliokabidhiwa ngome hiyo mwaka 1885, na bandari mpya inayotazamana na Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kobe wa majini hatajwi katika orodha hiyo, ingawa ni mkazi wa mwambao huo wa tangu zamani, na ingawa nyavu, mashamba na vyombo vinavyopanga maisha ya mji huo ndivyo vinavyopanga pia maisha yake. Makala haya yanatoa hoja kwamba kobe wa maji baridi hulindwa kwa ufanisi kabla hajawa adimu, kwa kuwa maumbile ya uzazi wake humfanya apungue kimyakimya kwa miaka mingi na kisha ashindwe kurudi katika idadi yake ya awali, na kwamba wenye uwezo mkubwa wa kumlinda ni wavuvi wa nyavu za makila na wakulima wa ufukweni, kuliko ofisi yoyote iliyo mbali na ziwa.

Hoja hii ina uzito wa kidunia. Kati ya spishi 360 hivi za kobe na kasa zinazotambuliwa na wanasayansi, zaidi ya nusu zimo katika hatari ya kutoweka, kiwango ambacho makundi machache sana ya wanyama wenye uti wa mgongo yamekifikia. Spishi, kwa maana inayotumika hapa, ni kundi la viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe na kurithishana sifa zinazowatenga na makundi mengine. Zinapohesabiwa spishi zilizo hatarini, wengi hukumbuka kasa wa baharini, lakini sehemu kubwa ya msiba huu iko katika mito, mabwawa na maziwa.

Mkazi wa mwambao

Kobe anayehusika zaidi na Ziwa Tanganyika ni wa jenasi ya Pelusios, hususan Pelusios sinuatus, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote katika jenasi hiyo na ambaye gamba lake linaweza kuzidi sentimita 40 kwa urefu. Gamba la juu ni jeusi au la kahawia iliyokolea. Katikati ya mgongo limeinuka kwa mstari wa vinundu vinavyoonekana wazi zaidi kwa wadogo, na ukingo wake wa nyuma una menomeno kama ya msumeno. Gamba la chini ni la rangi ya njano, lenye weusi pembezoni, na sehemu yake ya mbele imeshikana na ile ya nyuma kwa kiungo kinachokunjika kama bawaba, kiasi kwamba mnyama akihisi hatari huingiza kichwa na miguu ya mbele ndani, kisha hupandisha sehemu hiyo na kuufunga mlango wa gamba lake. Shingo yake hairudi ndani moja kwa moja kama ya kobe wa nchi kavu bali hukunjwa ubavuni, alama inayoliweka kundi hili katika tawi la kale la kobe wanaoishi leo hasa katika mabara ya kusini.

Mnyama huyu hula konokono, wadudu wa majini, samaki waliokufa na matunda yanayodondoka majini, na wakati mwingine huonekana akiwanyofoa kupe wanyama wanaogaagaa majini. Huota jua juu ya miamba na magogo, na hupumua hewa kwa mapafu, jambo ambalo litakuwa na maana kubwa pale suala la nyavu litakapojadiliwa. Ndani zaidi ya mkoa, katika madimbwi ya msimu na mabwawa ya viboko ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huishi pia kobe wa jenasi ya Pelomedusa, wadogo zaidi na wasio na kiungo kile cha bawaba, ambao maji yakikauka hujifukia katika tope na kusubiri mvua.

Historia ya utafiti wa hawa wa Pelomedusa ina funzo kwa yeyote anayeridhika kusikia kwamba mnyama fulani bado ni wa kawaida. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwahesabu kobe wote wa jenasi hiyo, kutoka Afrika Kusini hadi Rasi ya Arabuni na Bukini, kuwa spishi moja iliyoenea kila mahali na isiyohitaji wasiwasi. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililolinganisha vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo katika chembe za mwili, lilionesha kwamba spishi hiyo moja ni kumi, na mojawapo, iliyoelezwa kutokana na vielelezo vya Tanzania, ikapewa jina la Pelomedusa kobe. Mnyama aliyedhaniwa kuwa na bara zima alibainika kuwa na makazi finyu kuliko ilivyofikiriwa, na takwimu zilizomwonesha kuwa salama zikawa zinahusu kiumbe ambaye kwa hakika hayupo.

Hesabu ya mayai na hesabu ya wazazi

Watu wanapofikiria kumlinda kobe, wazo la kwanza huwa ni mayai: kuyazungushia uzio, kuyahamisha, kuyaangua na kuachia vifaranga. Kazi hiyo ina thamani yake, na katika pwani ya Tanzania shirika la Sea Sense limeifanya kwa miaka mingi kwa kuwatumia walinzi wa vijijini na kutoa motisha kwa wanaoripoti viota vya kasa. Hata hivyo, mayai peke yake hayatoshi, na sababu yake inaweza kuoneshwa kwa hesabu nyepesi.

Ichukuliwe kwamba jike mmoja hutaga mayai 20 kwa mwaka na huendelea kutaga kwa miaka 30. Katika maisha yake atakuwa ametaga mayai 600, lakini ili idadi ya kobe isipungue wala isiongezeke, wanaohitajika kufikia utu uzima kutoka katika mayai hayo 600 ni wawili tu, mmoja wa kuchukua nafasi yake na mwingine wa kuchukua nafasi ya dume. Waliobaki wote huliwa na kenge, ndege, samaki na mamba, au hufa kwa ukame na mafuriko. Kwa hesabu hiyo kobe mmoja mzima ana thamani ya mayai 300, ambayo ni sawa na viota 15; hivyo mvuvi anayemnasua jike mmoja aliye hai na kumrudisha ziwani amefanya kazi ambayo mlinzi wa mayai angehitaji viota 15 vilivyosalimika ili kuifikia.

Tafiti za miongo kadhaa zinathibitisha mantiki hiyo. Mwaka 1987 wanaikolojia wa Marekani Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walionesha, kwa kutumia hesabu za rika kwa rika za kasa wa baharini, kwamba hata kama kila yai ufukweni lingeokolewa, idadi ya kasa hao ingeendelea kushuka iwapo wakubwa na wanaokaribia ukubwa wangeendelea kufa katika nyavu za kuvulia kamba. Matokeo hayo yaliipa nguvu hoja ya kuweka katika nyavu za kukokota kizuizi chenye mlango wa kumtolea kasa nje. Mwaka 1993 Justin Congdon na wenzake walichapisha matokeo kama hayo kuhusu kobe wa maji baridi wa jimbo la Michigan ambao hawapevuki kabla ya umri wa miaka 14 hivi: ongezeko dogo tu la vifo vya wakubwa kila mwaka lilitosha kuipeleka jamii nzima ukingoni, kwa sababu pengo la mzazi mmoja halizibiki kwa mwaka wala kwa miaka mitano.

Hapa ndipo kobe anapotofautiana na dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huzaa wakiwa wachanga na kwa wingi, kiasi kwamba wakipumzishwa kwa miezi michache huweza kuongezeka. Kobe hana uwezo huo. Aidha, kwa kuwa wakubwa huishi muda mrefu, wataendelea kuonekana juu ya miamba hata pale ambapo hakuna kifaranga aliyefikia utu uzima kwa miaka kumi, na mwenye kuwatazama atasema kuwa bado wapo.

Nyavu, mchanga na mto

Hatari ya kwanza katika mwambao kama wa Karema ni nyavu za makila, yaani nyavu zinazotegwa wima majini na kuachwa usiku kucha ili samaki wanase wenyewe. Kobe huzifuata kwa sababu samaki walionaswa ni chakula rahisi, naye anapowanyofoa kucha zake huingia katika matundu ya wavu, na kadiri anavyopapatika ndivyo nyuzi zinavyozidi kumkaza. Akiwa hawezi kufika juu kupumua, hufa maji. Mvuvi anayeukuta wavu wake umeviringika kama kamba na samaki wameliwa nusu ana sababu ya kukasirika, hasa ikiwa wavu ni wa mkopo, na hata kobe aliye hai huweza kuuawa kwa hasira, kuliwa au kutupwa. Hali huwa mbaya zaidi kwa nyavu za timba, zilizotengenezwa kwa uzi mmoja wa plastiki usioonekana vizuri majini na ambazo sheria imezipiga marufuku, kwani zikikatika na kupotelea majini huendelea kuua bila kuwa na mwenyewe. Kobe si peke yake katika maafa haya: nyoka wa majini wa Tanganyika, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1886 kwa jina la stormsi kwa heshima ya Émile Storms, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema kuanzia mwaka 1882, naye hunaswa katika nyavu hizohizo.

Shinikizo la nyavu za karibu na nchi kavu haliwezi kutenganishwa na hali ya ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia mita 1,470, na rutuba ya maji yake ya juu hutegemea upepo unaoyachanganya na maji ya chini yenye virutubisho. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 na 2016 zilionesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko huo, na pamoja nao chakula cha dagaa na migebuka. Samaki wa kina kirefu wanapopungua, mvuvi asiye na mtaji wa kwenda mbali hubaki na maji ya karibu na ufukwe, penye mapango, majani na midomo ya mito, mahali palepale panapopendwa na kobe.

Hatari ya pili iko juu ya mchanga. Katika nusu ya kusini ya Afrika, Pelusios sinuatus hutaga hasa kati ya Oktoba na Januari, ambapo jike hutoka majini, hutafuta udongo laini usiofikiwa na mawimbi, na wakati mwingine hutembea mamia ya mita kabla ya kuchimba shimo. Katika spishi nyingi za kobe jinsia ya kifaranga huamuliwa na joto la kiota, kwa hiyo kufyeka kivuli cha ufukweni hakubadilishi mandhari tu, bali huweza kubadilisha uwiano wa madume na majike watakaozaliwa. Mwambao wa Karema una upekee hapa. Ngome ya mwaka 1879 ilijengwa karibu na maji, lakini mlango wa mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umefunguka muda mfupi kabla, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita kumi, likaacha wazi tambarare ambayo zamani ilikuwa sakafu yake. Tambarare za aina hiyo, zenye unyevu na udongo laini, zinamfaa kobe anayetaga na zinamfaa vilevile mkulima wa mpunga. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, na mafuriko ya 2021 na 2024 yaliikumba miji ya ziwa hilo ikiwemo Bujumbura, Uvira na Kalemie. Mchanga uliobaki kati ya wimbi linalopanda na shamba lisilosogea unazidi kuwa mwembamba.

Hatari ya tatu hutoka bara. Mto Katuma, uhai wa Hifadhi ya Katavi, umepoteza sehemu ya maji yake ya kiangazi kutokana na umwagiliaji wa mpunga katika eneo la juu, na viboko wanaorundikana katika madimbwi yaliyobaki ni dalili inayoonekana kwa macho ya jambo linalowagusa pia kobe wa chini ya tope.

Funzo la Nyasa na Ruvuma

Tanzania tayari ina mfano wa kobe wa maji baridi aliyechelewa kulindwa. Cycloderma frenatum, kobe wa gamba laini ambaye badala ya magamba magumu ana ngozi nene kama ya ala, hupatikana katika Ziwa Nyasa, bonde la Zambezi na mito ya kusini-mashariki mwa Tanzania ikiwemo Ruvuma. Gamba lake huweza kuzidi sentimita 50, hujifukia katika mchanga wa chini ya maji, na huchimbua konokono na kombe kwa miguu yake ya mbele. Alielezwa kisayansi na Wilhelm Peters mwaka 1854, na kwa muda mrefu hakuchukuliwa kuwa mnyama wa kuhangaikiwa.

Mabadiliko yalikuja haraka. Uvuvi wa nyavu uliongezeka kandokando ya Nyasa, na wakati huohuo soko la Asia, lililokuwa limemaliza kobe wa gamba laini wa huko, likageukia Afrika likitafuta nyama na ile sehemu ya ukingo wa gamba yenye gegedu, inayothaminiwa katika mapishi. Leo Orodha Nyekundu ya Shirika la Uhifadhi Duniani (IUCN), ambayo hupanga spishi kwa kiwango cha hatari inayozikabili, inamweka katika daraja la walio hatarini kutoweka. Katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliwaingiza kobe wa gamba laini wa Afrika katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara yao ya nje haiwezi kufanyika bila kibali kinachothibitisha kuwa haihatarishi spishi.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulifuata madhara badala ya kuyatangulia. Mfumo wa orodha hudai ushahidi wa kupungua, na kwa mnyama anayeishi miaka mingi ushahidi huo hukamilika pale kizazi kizima kinapokuwa kimekwisha kukosekana. Karema, yenye bandari inayotarajiwa kukuza shehena kati ya Tanzania na mashariki ya Kongo, haina sababu ya kurudia mlolongo huo, kwa kuwa njia inayopitisha saruji na mahindi huweza pia kupitisha magunia ya wanyama pale mnunuzi anapojitokeza.

Sheria zilizopo na mapengo yake

Zana za kisheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinapiga marufuku makokoro na zana nyingine haramu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasimamia uwindaji na biashara ya wanyama. Juu ya sheria hizo kuna Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne zinazolimiliki ziwa, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura.

Pengo liko katika kuzioanisha zana hizi na mwenendo wa mnyama mwenyewe. Mita 60 ni kinga nzuri kwa ukingo, lakini jike anayetaga mbali zaidi ya hapo huangukia shambani. Ofisa uvuvi huhesabu samaki na ofisa wanyamapori hutazama tembo na simba, na kobe anayefia katika wavu wa mvuvi hubaki katikati ya daftari mbili. Hata hatua kubwa zaidi ya miaka ya karibuni, yaani kusimamishwa kwa uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ambayo Tanzania iliitekeleza mwaka 2024, ilipangwa kwa kufuata uzazi wa samaki. Humpunguzia kobe miezi mitatu ya nyavu, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini nyavu hurudi majini kabla ya miezi ambayo majike hukusanyika karibu na ufukwe kutaga.

Kazi inayoweza kuanza mwaloni

Chombo kinachofaa kuziba pengo hilo kipo tayari katika vijiji vya mwambao, nacho ni vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa kifupi chao cha BMU, ambavyo huundwa na wavuvi, wachuuzi na wachakataji wenyewe na hupewa nguvu ya kudhibiti zana na kutunza takwimu za mialo. Miradi kama Tuungane, iliyoanza mwaka 2012 katika mwambao wa Mahale kwa kuunganisha uhifadhi, afya ya uzazi na maisha ya wavuvi, imeonesha kwamba vikundi vya namna hiyo huweza kutenga maeneo ya mazalia ya samaki na kuyasimamia.

Kwa kobe, hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni kuongeza safu moja katika daftari la mwalo: kobe aliyenaswa, tarehe, mahali, aina ya wavu, urefu wa gamba, na kama alirudishwa hai. Baada ya misimu michache, rekodi hizo zingeonesha kama wakubwa wanapungua, na zingefanya hivyo mapema kuliko utafiti wowote wa kupita njia, huku Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), yenye kituo Kigoma, ikiwa na uwezo wa kuzichambua. Hatua ya pili ni makubaliano ya kutotega makila katika mdomo wa mto Ifume, karibu na Karema, na katika ghuba zenye majani kati ya Oktoba na Januari, au angalau kuyategua mara mbili kwa usiku badala ya kusubiri alfajiri, jambo linalomnufaisha pia mvuvi kwa kuwa samaki wasiochelewa kutolewa hawaharibiki. Hatua ya tatu ni kutambua vipande vichache vya mchanga ambavyo majike hurudi kutagia mwaka hadi mwaka, na kuvitenga ndani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ambao unaweza kwenda mbali kuliko mita 60 pale wanakijiji wenyewe wanapoamua.

Jambo gumu zaidi ni hasara ya wavu, na mpango wowote unaolikwepa utabaki maneno ya semina. Mvuvi akitakiwa kumnasua kobe kwa uangalifu badala ya kumpiga panga, anatakiwa kutumia muda wake na mara nyingine kukata matundu ya wavu alioununua kwa fedha zake. Mfuko mdogo wa BMU wa kufidia uzi na kazi ya kushona, unaolipa kwa kobe aliyerekodiwa na kuachiwa mbele ya shahidi, ungeligharimu kundi kiasi kidogo kuliko doria moja ya boti, na ungeelekezwa mahali ambapo hesabu ya uzazi inaonesha kuwa kila mnyama aliyeokolewa ana uzito mkubwa zaidi. Kinachohitajika ili kuanza ni kanuni ndogo za BMU zilizoridhiwa na halmashauri ya wilaya, daftari lenye safu hiyo moja ya ziada, na ofisa uvuvi atakayelikagua kila mwezi, na yote hayo yanaweza kuwa tayari kabla ya msimu ujao wa kutaga.